Pakiti ya Unga Mfukoni mwa Ubaldo

Jumatatu, 3 Machi
Ubaldo wangu kaondoka tena! Ndoa haijamaliza mwezi, na kazi ishaniibia mume mpaka wikendi. Anazunguka vijiji vya kando ya mji wa Leon akipima maji ya bomba kama yana kromi, yale madini ya viwanda vya ngozi yanayoleta saratani. Chupa ya maji, unga kidogo wa kupimia, kusubiri. Yakigeuka waridi, yana sumu. Waridi! Rangi ya riboni za harusi yetu.

Kaacha koti lake. Nimelivaa tangu asubuhi. Mama mkwe, Eduviges, ananicheka: mumeo kaenda kuteka maji, hajaenda vitani.

Jumatano, 5 Machi
Kapiga simu! Kesho ni zamu ya kijiji chetu. Kwa mama yake haruhusiwi kupima mwenyewe, atakuja mwenzake wa kazi, Maricruz. Maji yakiwa safi, ataanza kujenga chumba chetu hapa hapa, na tupate mtoto. Yakiwa mabaya, hatalea mtoto hapa. Nimemwomba Bikira hadi magoti yanauma.

Alhamisi, 6 Machi
Safi! Nyumba zote, safi! Ubaldo kapita na gari la kazi kuleta majibu, kaninyanyua juu pale uani, majirani wakapiga miluzi. Kisha wenzake garini wakampigia honi — kwenda! Harufu yake bado iko shingoni mwangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeona dumu la maji ya dukani limepungua. Lile ni la wageni tu, sisi hunywa ya bomba. Nikamwuliza mama mkwe nani kayanywa. Hakuna, kasema. Yeye mwenyewe aliyajaza kwenye chupa ya kupimia ya Maricruz, alipomkalisha mezani ale tamale zetu za mahindi kwanza.

"Ulitaka nimpe mgeni maji ya bomba, mwanangu? Nani mtaa huu angefanya hivyo?"

Nani? Hakuna hata mmoja, nyumba zote.

Nikaenda chumbani kulivaa koti. Mfukoni — pakiti moja ya unga wake wa kupimia, kaisahau. Nikaumimina kwenye glasi ya maji ya bomba. Nikasubiri, kama anavyosubiri yeye.

Waridi. Nzuri mno. Riboni zangu kabisa.

Nimempigia. Kabla sijafungua mdomo, kasema yuko dukani, wanampakilia saruji ya chumba chetu.

"Kuta tupake rangi gani, mpenzi? Fikiria, nakupigia sasa hivi."

Mama mkwe ananiita jikoni, kahawa tayari. Glasi iko hapa mbele yangu. Simu inalia —