Picha Yako Haijatoka Nyumbani

Mukuju, Jumapili

Kaka Jovan,

Mtama umeota vizuri, na mbuzi mweupe amezaa mapacha. Huko Busia unakula vizuri?

Mama aliniomba nitengeneze tovuti ya kukutafuta. Niliitengeneza ndani ya ile mashine pepe uliyonifundisha, kompyuta iliyo ndani ya laptop yangu, na humo imebaki. Kila asubuhi naiwasha, mama anaangalia picha yako, anauliza, "Leo nani amepiga simu?" Anaamini dunia nzima inaiona. Sijamwambia kwamba haitoki humu, wala kwamba najua uliko. Uliniapisha siku ile baba alipokufukuza.

Sasa mashine inanisumbua. Diski imejaa, juzi ilikataa kuwaka, nikadanganya kwamba chaji imeisha. Tena Kate wa shangazi anakuja Jumamosi na simu yake. Akiitafuta tovuti asiione, nitasema nini?

Jana mama alinipa maneno ya kuongeza chini ya picha. Nimeyaongeza, lakini huko hutayaona, kwa hiyo nakuandikia hapa: "Jovan, anayenituma kila asubuhi kuuliza habari za simu ni baba yako."

Dada yako anayechoka kuficha,
Aanyu