Bare Uliyoambiwa Ni Mpya

Papa,

Gari yako inatembea. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za Mama. Ile ndogo nyekundu ya viti viwili, isiyo na paa, ambayo majirani waliiita kiatu, imeshuka tena hadi mto Lukuga na kupanda bila kuyumba. Nimeitengeneza mwenyewe. Miezi saba uani, juu ya mataruma ya reli uliyoyapanga wewe. Mipira ya sispensio, ile ya kupunguza mitikisiko, nimeikata kwenye tairi la lori, kama ulivyokuwa unafanya. Magurudumu nimeyapanga sawasawa kwa uzi wa kuvulia samaki, nimeuvuta kutoka nyuma hadi mbele, na kila nilipotikisa gurudumu nilikusikia: "Weka mukono hapa. Kama inagonga, njo mbovu."

Nililia sana chini ya gari, Papa. Halafu nikaacha kulia, kwa sababu ya nilichokiona.

Unakumbuka wiki ile ya homa. Kazi zote za gari hii ulizifanya kwa mikono yako isipokuwa moja: bare, kile chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Mpya ilikuja kwa boti kutoka Kigoma, na kwa kuwa hukuweza hata kusimama, ukampa rafiki yako Dezire aifunge. Siku nne baadaye usukani ukakufia mikononi kwenye mteremko, ukagonga ukuta wa mawe. Nilipoifungua bare hiyo, rangi nyeusi ilibanduka kidoleni. Chini yake kulikuwa na alama ya kuchomelea. Ilikuwa ile ya zamani, imekatika palepale.

Sikumwambia mtu. Unajua Dezire alisema nini kwenye kilio chako, mbele ya kwaya nzima? "Alikuwa amekunywa kidogo siku ile." Wewe! Wewe uliyekuwa unaomba chai kwenye arusi! Watu wakatikisa vichwa, wakaamini, na Mama tangu hapo anakaa benchi la nyuma kanisani. Kwa neno lile nilimchukia mpaka chakula kikanishinda.

Nikaagiza bare nyingine, nikaifunga. Jumamosi nikamwita Dezire, kwa heshima zote, apande kiti cha pembeni kwa kuwa ndiye rafiki yako. Alikuja na shati lililopigwa pasi. Tulipofika juu ya mteremko nikamwambia kwa upole kwamba mpya sikuipata, kwa hiyo ile iliyokatika nimeichomelea na kuirudisha. Kisha nikaachia breki.

Nisamehe, Papa, nilifurahi. Alishika mlango kwa mikono miwili. "Simamisha, mama! Haitashika! Njo vile na mimi niliichomelea, ikakatika!" Nikasimama mbele ya meza za akina mama wanaouza samaki wadogo wa ndagala, na kwa kuwa gari haina paa, kila mmoja alisikia. Akashuka, akayasema yote. Bare mpya aliiona ndefu, akaikata badala ya kuzungusha ncha zake za kurekebishia urefu mpaka ienee. Ikawa fupi. Akaona haya kukuambia, akachomelea ile ya zamani, akaipaka rangi.

Kosa hilo ningelisamehe. Wewe mwenyewe uliharibu nati ngapi, tukacheka? Lakini baada ya kukuua kwa haya zake, alikuita mlevi ukiwa kwenye jeneza na huwezi kumjibu.

Mama anasema nimwachie Mungu. Mchungaji pia. Nimewaambia kwamba Mungu atamkuta mimi nimeshamaliza.

Kesho tunavua nguo nyeusi, kilio chako kinaisha. Dezire atasimama mbele ya watu wote na kusema kwa mdomo wake kwamba hukunywa. Akijifanya mgonjwa, nitamfuata kwa gari yako hadi mlangoni, nipige honi mpaka mtaa mzima utoke.

Pumzika sasa, Papa. Jina lako nitalirudisha safi. Na akishamaliza kusema, Mama atanisukuma nimpe mkono, namjua. Nitampa, nakuahidi.

Wa kushoto.

Binti yako,
Apolina