Mama Maandazi na Mkono Wake

Jumanne.

Na mimi nilijiona fundi! Miaka mitatu nimepiga video za harusi kule kwetu Janga, nikajua chuo cha filamu Dar ni mteremko.

Leo mwalimu kaonyesha darasani kazi yangu: mama muuza maandazi akiwa kazini. Mama wa watu anapunga mkono mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyomwambia.

"Kijana, huyu anauza maandazi au anasindikiza bibi harusi?"

Watu hoi. Mwalimu kasema nirudie; nikikosea tena kesho, kamera naisahau, nahamia kubeba taa.

Jioni nikarudi kwa mama maandazi. "Shikamoo mama. Leo usinitazame, choma tu."

"Marahaba mwanangu, nimekuelewa."

Kuwasha kamera tu, mkono juu! Na wateja kawaita wapunge.

Nimemfundisha vizuri mno. Na Janga niliwaaga kwamba nitarudi dairekta.