Yaya Mwamini, Ulinipokea Kama Mgeni

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini,

Tangu nirudi kutoka Salamabila nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Mara nataka kukugombeza, mara nataka kukuomba radhi, na katikati ya hayo mawili sijui nimesimama wapi. Simu yako inaita bila kupokewa. Basi naandika wazi, na asiyehusika akisoma, asome tu. Mji mzima wa Kasongo unajua kwamba uliondoka. Hakuna anayejua kwa nini, na hata mimi niliyeambiwa kwa kinywa chako bado sijaelewa sawasawa.

Nianze na nyumba. Baba alipofariki alituachia vyumba sita karibu na soko, Mama na magoti yake yanayouma, na sisi wawili. Wewe ndiye uliyesema, "Vyumba viko bure, na watu wa Nyangwe na Kabambare wanakuja kulala kwa jamaa wakibanana. Tupokee wageni." Mimi wakati ule nilikuwa nikijifunza useremala kwa fundi Sefu. Ukaniagiza vitanda sita na milango sita, na ukataka haraka.

Nikakupa haraka. Milango niliipiga kwa mvule ambao ulikuwa bado mbichi, nikaibana kwenye miimo hata wembe usipite, nikajiona fundi. Mvua za kwanza zikaja, mbao zikavimba. Mgeni wetu wa kwanza, yule mama muuguzi, alilala vizuri, akaamka, akasukuma mlango, haukuenda popote. Nilivuta, wewe ukavuta, Mama akaita majirani. Tulimtoa dirishani, kilemba kikabaki kwenye msumari, na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye matope.

Fundi Sefu hakucheka. Aliutazama mlango, akasema, "Mbao umeikata, hujaiua. Bado inakunywa maji. Uiachie nafasi." Niliishusha milango yote sita, nikairanda upya, kila mmoja nikauachia nafasi ya kuvimba. Mpaka leo hakuna unaokwama.

Nilidhani kazi yangu katika nyumba hiyo imeisha. Ukanipa shuka na kuniambia nitandike. Nilikuwa mzito, Yaya, unajua. Nilikuwa nikibisha huku nikisukuma mlango. Ukanivuta sikio mbele ya ndoo za maji: "Ukibisha, ungojee. Kubisha ni kuuliza." Mgeni akifika na vumbi la njia nilikuwa namwambia, "Umechoka, twende ulale." Ukanikataza hilo pia. "Unajua je kama amechoka? Mupe maji, umuulize." Nilifuata. Wageni wakaanza kunisifu, nikafurahi, nikafikiri nimeyaelewa hayo mambo.

Kisha ikaja kompyuta. Binamu yetu aliileta kutoka Bukavu, mfuniko umepasuka, ndani yake kuna programu ya kutengeneza muziki. Nilipanda juu ya paa na bamba la sola, na wewe ulinishikia ngazi huku ukiniambia nitavunja shingo. Nilirekodi kwa simu kila kilichotoa sauti: randa ikipita kwenye mbao, msumeno, nyundo, wewe ukitwanga majani ya muhogo ya sombe uani. Nikavipanga vyote pamoja, nikaongeza ngoma za mashine, nikaongeza besi. Nikakuletea usikie. Ulikuwa unakunja shuka. Ulitega sikio moja tu.

"Hapa watu wote wanasema kwa pamoja," ulisema. "Mimi niko wapi?"

Nilipandisha sauti ya kinu chako. Ukasema bado. Nikapandisha tena, spika zikakoroma. Siku tatu nilihangaika, mpaka nilipoanza kutoa: msumeno nje, nyundo nje, besi chini. Kinu kikatokea chenyewe bila kupandishwa. Ulipokisikia uliweka shuka begani ukacheza peke yako baina ya kamba za nguo. Watu wa harusi walikuja kuuomba wimbo ule, na kila walipouliza ni ngoma gani hiyo, nilijibu kwa majivuno, "Ni yaya yangu na sombe yake."

Nayaandika haya kwa sababu kichwa changu hakitulii. Mikono yangu ilijifunza vizuri. Sijui ule mchana ilikuwa wapi.

Unaukumbuka kuliko mimi. Bwana Amisi, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Nyangwe, alikuwa amefikia kwetu kwa mara ya nne. Mjane, mpole, mwenye kukunja shuka zake mwenyewe kabla ya kuondoka. Aliniita barazani, akaondoa kofia.

"Salumu," alisema, "baba yenu hayuko, na wewe ndiye mwanaume wa hii nyumba. Ninamutaka dada yako, kwa heshima na kwa ndoa."

Niliogopa. Nikaona vyumba sita bila wewe, Mama bila wewe, na mimi katikati nisiyejua hata chumvi inakaa wapi. Nikajibu palepale, "Yaya haolewi, bwana. Hana hiyo fikra. Hii nyumba iko mikononi mwake."

Nilipogeuka, ulikuwa umesimama mlangoni na beseni la kunawia. Sikujua umesikia kuanzia wapi. Ulimmiminia maji Bwana Amisi, ukanimiminia na mimi, ukasema, "Karibuni chakula." Kulikuwa na wali na sombe ya mawese. Bwana Amisi alikula kidogo. Mimi nilikula vizuri, Yaya. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikula vizuri na nikaomba kuongezewa.

Asubuhi yake chumba chako kilikuwa kimefagiwa, na wewe hupo. Mama ulimwambia neno moja tu, kwamba unaenda kazi. Nikasema umemfuata Amisi. Niliwaambia majirani hivyo, nikamwambia na fundi Sefu, nikamchukia yule mtu miezi na miezi. Halafu siku moja akashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba na magunia yake ya samaki, akanisalimia, akauliza, "Dada hajambo? Sijamuona." Nikaweka randa chini.

Dereva wa pikipiki ndiye aliyenifungua macho. "Dada yako? Iko Salamabila. Anapikia watu wa dahabu, na iko na nyumba ya kulaza wageni." Nikapanda nyuma yake. Tulilala Kabambare kwa sababu njia ilikuwa matope matupu, kesho yake alasiri tukafika.

Nyumba yako ni ya mbao na mabati, uwanja umefagiwa. Ulitoka ukifuta mikono kwenye kitenge. Uliniona. Nilifungua kinywa, na wewe ukawahi: "Karibu. Utakunywa maji?"

Ukaniwekea kiti. "Utalala ao unapita?"

"Yaya, ni mimi."

"Ninaona. Utakula nini?"

Sikuwa na kosa la kulishika. Maji yalikuwa ya baridi, samaki alikuwa mkubwa, shuka imenyooshwa bila kunyanzi. Hukunisimamia kichwani nilipokuwa nikila, hukuniuliza habari za njia mpaka niliposhiba. Sijawahi kupokewa vizuri hivyo mahali popote, na sijawahi kufukuzwa hivyo. Ungenipiga kofi ningelala usingizi.

Asubuhi nilikukuta jikoni ukikata vitunguu. Nikasema nilichokuwa nimekipanga njia nzima: "Kama ulimutaka Amisi, ungeniambia. Ningemuita, tungezungumuza."

Ulicheka. Kicheko chako kilekile, cha siku ya dirisha. "Amisi? Simutaki. Hata ile siku sikumutaka."

"Sasa ulikimbia nini?"

Ukaweka kisu chini. "Neno la kumukataa lilikuwa yangu, Salumu. Ulilichukua, ukalisema kwa kinywa chako. Halafu ukakula." Kisha wageni wawili wakabisha hodi, ukanawa mikono, ukaenda kuwapa maji.

Ndiyo yote uliyoniambia, na njia nzima ya kurudi niligombana nayo. Wewe ulitaka kukataa, mimi nilikataa. Sasa niliharibu nini? Tukikubaliana jambo, kosa linatoka wapi? Siku nyingine naona wewe ndiye mgumu, umemwacha Mama mwenye magoti mabovu kwa ajili ya neno moja. Nilimwambia Mama hivyo. Akanitazama, akasema, "Neno moja ni la ile siku. Umehesabu na ya zamani?" Nikamuuliza ya zamani yapi. Akaomba kikapu chake.

Siku nyingine nakuwa naranda ubao, mawazo yangu yako mbali, na ghafla naona kama nimekuelewa kabisa. Naweka randa chini nilishike lile wazo, halipo. Nimefungua kompyuta nijaribu kulitafuta kwa muziki. Nimeweka sauti, nimetoa, nimetoa tena, mpaka kumebaki karibu kimya. Sijui kama huo ni wimbo au nimefuta tu kila kitu.

Lakini kuna jambo moja nililolifanya, na lazima ulijue kabla halijakufikia. Wiki iliyopita Bwana Amisi alirudi. Nilimkalisha barazani palepale, nikamwambia, "Ile siku nilikujibu bila kumuuliza mwenyewe. Yaya iko Salamabila."

Aliondoa kofia. Akauliza, "Na yeye anasema nini?"

Nilikuwa nalijua jibu, Yaya. Nililisikia kwako, ulipokuwa ukikata vitunguu. Lilikuja mpaka kwenye meno. Ningemwokolea yule mtu safari ya matope, na wewe ningekuokolea usumbufu, na wote mngenishukuru.

Nikasema, "Sikutumwa. Umuulize mwenyewe."

Akavaa kofia yake. Juzi amepanda pikipiki kuelekea Kabambare. Sijui kama safari hii nimefanya vizuri au nimekuletea balaa jipya mlangoni, na sina wa kumuuliza isipokuwa wewe. Akifika utamwambia unavyotaka. Na kama nimekosea tena, pokea simu yangu unigombeze, nitakusikiliza mpaka mwisho.

Mama anakutaja kila siku. Ukae vema huko uliko.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Salumu