Jumamosi Nyanya Hazing'olewi

Mpendwa Baba Nekesa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda huu wote. Kila nikitaka kuandika, mdogo wake Nekesa analia, au usingizi unanishika kalamu ikiwa mkononi. Lakini leo lazima niandike, kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Mtandao wa huko Lodwar unakatika kabla sijafika katikati, na wewe unakuwa umeshaamua. Dereva wa lori la simiti anaondoka Eldoret mchana huu na amekubali kukuletea barua.

Umemwambia ndugu yako Wafula aje Jumamosi na jembe la ng'ombe, ang'oe nyanya zote, apande maharagwe. Nakuomba umzuie. Hizo nyanya hazina virusi kama alivyokuambia.

Unakumbuka Nekesa akiwa mchanga, vile alitokwa na vipele mwili mzima? Mama yako alisema ni surua, wewe ukasema labda ni maziwa yangu. Sote tukazidi kumfunika blanketi juu ya blanketi kwa sababu ya baridi ya huku. Tulipompeleka kliniki, nesi hakukimbilia dawa. Alituuliza mtoto analala wapi, anavaa nini, vipele vilianzia wapi. Kisha akamvua sweta moja, akakuta nyingine, akakuta nyingine tena. Akasema, "Huyu mnampika." Tulirudi tukicheka mpaka ukashindwa kufungua kufuli. Siku hiyo nilikupenda sana, maana ulikubali mbele yangu kuwa hatukujua.

Sasa nami nimeziuliza nyanya vile nesi alituuliza. Nilianza na zile za chini, karibu na mtaro. Majani ya chini yalikuwa ya manjano, na udongo ukiubonyeza unatoa maji. Kumbe zilikuwa zinazama, na mimi nilizidi kuzimwagilia nikidhani zina kiu. Nimezichimbia mfereji. Za katikati majani yanajikunja jua likiwa kali, asubuhi unayakuta yamefunguka. Hizo ni joto tu linazichosha. Nimeziwekea nyasi kavu kwenye mashina. Lakini zile za upande wa mahindi ndizo zilinitisha. Majani machanga yalitoka membamba, yamejisokota kama kamba, na vichwa vimepinda. Hizo ndizo Wafula aliziona akakupigia simu.

Nilisimama hapo nikijiuliza kwa nini mistari hiyo peke yake. Ugonjwa ungerukaruka, shina hapa, shina pale. Huu ulianza mwanzo wa mstari ukaishia mahali pale pale ambapo dawa ya ukungu ilituishia siku ya kupuliza. Ndipo nikakumbuka. Wafula alikuwa ametoka kupuliza dawa ya magugu kwenye mahindi yake, akapita kutusaidia, pampu ikiwa ile ile mgongoni. Huku kwetu ni kawaida, pampu moja inazunguka majirani wote. Mahindi hayasumbuliwi na hiyo dawa, kwa hivyo hakuna anayehangaika kuiosha vizuri. Nyanya inaumia hata na mabaki kidogo.

Nilimwambia, na kwa heshima. Nilimpa chai kwanza. Akaniuliza kama siku hizi kilimo kinasomewa jikoni. Nikamwambia, "Shemeji, sijasema wewe ni mbaya. Nimesema pampu haikuoshwa." Akaweka kikombe chini kabla hajamaliza, akasema shamba ni la ndugu yake, na Jumamosi atakuja.

Baba Nekesa, mimi nimechoka. Nalima na mtoto mgongoni, na mgongo wenyewe hauniachi nilale. Zilizoharibika kabisa nimezing'oa kwa mkono wangu. Zilizobaki upande huo zimeanza kutoa majani mapya yaliyonyooka kidogo. Sitakudanganya kwamba zote zitapona. Lakini mistari mingine yote iko hai, na ndiyo itatulisha mpaka urudi. Tulipokuwa tukipanda uliniambia, "Hii ni yako, hakuna mtu atakuuliza." Niliamini. Sasa naulizwa, tena na mtu uliyemtuma wewe. Akija na ng'ombe atanikuta nimesimama kwenye mistari, na watoto wako wakiwa nami. Sitaki tufike huko, kwa sababu Wafula ni mtu wetu na tutaendelea kuishi naye.

Vitu ambavyo bado nahitaji unitumie ni hivi. Pampu mpya, ile ndogo, isiyowahi kubeba dawa ya magugu, na ambayo sitamwazima mtu hata akilia. Gambuti za Nekesa, nunua kubwa kidogo, miguu yake inakua mbio. Leso moja nzito ya kubebea mtoto, hii imechanika katikati. Na kabla ya hivyo vyote, ukimaliza tu kusoma, mpigie Wafula. Mwambie kwa sauti yako mwenyewe kwamba nyanya ni za Mama Nekesa na yeye ndiye anaamua. Hiyo haingoji lori.

Mke wako, mama ya watoto wako,
Mama Nekesa