Spiriti Kwenye Mashavu ya Mzee Lemein

Kitengela,
3 Februari 2025

Kwa Mzee Lemein Kisemei, Mashuuru

Supai, mzee wangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na mama pamoja na mifugo yote. Mimi hapa ni mzima, ila moyo unanidunda kidogo, na sababu utaiona hapa chini.

Jina langu ni Wasike Makokha. Kwetu ni Bungoma, lakini nimeishi Kitengela miaka sita nikifanya kazi ya kinyozi karibu na soko. Binti yako Nailantei, anayefundisha watoto wa chekechea hapa mjini, amenieleza kwamba mambo yanayomhusu yeye wewe huyazungumzi kwa simu. Yanaandikwa kwenye karatasi, tena kwa mwandiko unaosomeka. Basi nimechukua kalamu. Mzee, nampenda Nailantei, na yeye ananipenda. Naomba ruhusa nije kwako na baba yangu mdogo, tukae mbele yako tuulize yale yanayoulizwa.

Najua mzazi lazima ajiulize kinyozi ni mtu wa namna gani. Sinywi pombe, kanisani naenda, na kazi yangu naijua. Hakuna mtu ninayemaliza kumnyoa bila kumpaka aftasheivu, ile ambayo sisi tunaiita spiriti, ili vijidudu vife vyote. Na watu wenu wananipa moyo sana. Alhamisi iliyopita aliingia mzee mmoja wa Kimaasai, koti la kijivu, mtu wa maneno machache. Nikamnyoa ndevu, nikampaka spiriti, nikamuuliza, "Mzee, inachoma?" Akasema, "Hapana." Nikaona labda haijaingia vizuri, nikaongeza. "Na sasa?" "Hapana." Nikaongeza ya tatu. Hakupepesa hata jicho! Alipotoka nikawaambia wenzangu, huyo ndiye mwanaume. Nikipata baba mkwe kama huyo nitatembea Kitengela kifua mbele.

Barua hii inaletwa na Katee, dereva wa lori la nyasi. Atasubiri jibu.

Mimi mtoto wako, kama utaniruhusu kujiita hivyo,
Wasike


Mashuuru,
17 Februari 2025

Kijana Wasike,

Ipa, nimeitikia. Mama Nailantei ni mzima, mifugo ni mizima, mvua bado. Mimi si mzima, na wewe ndiwe sababu.

Mzee wa koti la kijivu ni mimi.

Nimekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo miaka thelathini na moja, na sinunui hata beberu bila kumwangalia meno. Nailantei aliponitajia jina lako, nikasema nitaenda nikamwone huyu mtu kabla hajajua anaonwa. Nikavaa koti, nikaja, nikaketi kwenye kiti chako. Mkono wako ni mwepesi, hilo naliandika. Wembe ulikuwa mpya, nilikuona ukiufungua. Mteja aliyekuwa mbele yangu ulimuuliza habari za mguu wa mama yake, na ukangoja ajibu. Mpaka hapo nilikuwa nimekupa alama nzuri. Halafu ukachukua ile chupa.

Jumamosi uso wangu ulikuwa umevimba. Jumapili ulianza kuambuka kama kiazi cha kuchemsha. Mimi ni mzee wa kanisa, ndiye ninayesoma Neno mbele ya watu, na sasa Jumapili tatu nimekaa nyumbani. Mama Nailantei akiniletea chai anaangalia upande mwingine nisione anavyocheka. Katee nilimrudisha bila jibu kwa sababu siku hiyo ningeandika maneno ambayo mzee wa kanisa haandiki.

Sasa nisikilize. Nimepaka spiriti ng'ombe wengi kuliko wanaume uliowahi kunyoa. Ng'ombe unampaka mahali padogo, mara moja, kabla ya sindano, na bado anakupiga teke. Wewe umenipaka uso mzima uliotoka kupitiwa na wembe, tena mara tatu, na mimi sikukupiga teke. Swali langu ni moja tu: hiyo spiriti yako inadhuru ngozi ya mtu, au haidhuru? Nijibu hilo kwanza. Habari ya binti yangu tutaifikia, au hatutaifikia, kulingana na jibu lako.

Ni mimi,
Baba Nailantei


Kitengela,
19 Februari 2025

Mzee wangu mpendwa,

Supai, na pole sana, na pole tena. Uso unaendeleaje? Mama hajambo? Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, halafu nikasimama tena. Laiti ningejua ni wewe!

Kuhusu swali lako, mzee, haidhuru. Nakuhakikishia. Ile inachoma kwa sababu inafanya kazi. Otiende, mwenye duka hili la kinyozi, ameitumia tangu mimi nikiwa shule, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika. Hata kwenye chupa amechorwa mwanaume anayetabasamu. Nadhani ni jua la njiani, au vumbi la barabara ya Mashuuru, maana vumbi lenu si mchezo.

Kwa vile jambo hilo sasa limeeleweka, naomba unitajie tarehe ya kuja na baba mdogo.

Mtoto wako (bado naomba ruhusa),
Wasike


Kitengela,
24 Machi 2025

Mzee Lemein,

Supai. Natumaini nyote hamjambo na mvua imefika. Mwezi umepita na Katee anarudi mikono mitupu kila safari. Nailantei naye aliisoma nakala ya barua yangu ya mwisho, akanirudishia, na tangu siku hiyo tunasalimiana kama watu waliokutana benki.

Nimejifanyia majaribio. Siku saba mfululizo nimejinyoa asubuhi. Shavu la kushoto nikalipaka spiriti mara tatu kama nilivyokufanyia. La kulia nikaliosha kwa maji ya baridi, nikalipaka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Mzee, mimi nilitahiriwa nimesimama uani mbele ya ukoo mzima na sikutikisika. Lakini siku ya kwanza ya spiriti nilipiga kelele hadi mama wa duka la pili akaja na ndoo ya maji akidhani kuna moto.

Siku ya nne shavu la kushoto lilianza kukauka na kuambuka. La kulia mpaka leo liko laini. Nikaenda hadi Kajiado mjini kumwona Beverlyne, muuguzi wa kliniki ya ngozi, nikamuuliza swali lako kama ulivyoliandika. Aliangalia mashavu yangu akacheka kwanza. Halafu akanieleza kwamba ngozi iliyotoka kunyolewa ina mikwaruzo midogo ambayo jicho halioni, na pombe iliyo ndani ya spiriti inaichoma na kuinyang'anya mafuta yake. Si sumu, na si kila mtu inamfanyia hivyo. Mwenye ngozi ya mafuta akipaka kidogo anaweza asipate shida. Lakini mwenye ngozi kavu, au mwenye vipele vya ndevu, inamzidishia. Na mtu mzima wa umri wako, ngozi yake inakuwa kavu zaidi. Kumpaka mara tatu, alisema, ni ukatili.

Basi jibu ndilo hilo: inadhuru, na wewe nilikudhuru. Lile jibu la kwanza nililiandika kwa sababu niliogopa kumpoteza Nailantei. Vumbi la Mashuuru nalo nililisingizia, naomba lisamehewe.

Kuna jambo lingine. Nilipowaambia wateja nimeacha ile chupa, Wathome, ambaye nimemnyoa miaka miwili, alinishika mkono kwa furaha. Kumbe kila akitoka kwangu huzunguka nyuma, kwenye bomba la kuoshea magari, ananawa. Akasema si yeye peke yake, kuna siku wanapanga foleni. Na mimi nilikuwa nikiwauliza wote, "Inachoma?" na wote wananiambia hapana! Siku hizi nauliza, lakini simwangalii mtu mdomoni. Naangalia mkono wake umeshikaje kiti.

Sina ombi lingine leo.

Wasike


Mashuuru,
2 Aprili 2025

Mulembe, Wasike.

Salamu hiyo nimefundishwa na mwalimu Immaculate wa shule yetu ya msingi, ambaye ni wa kwenu. Kama nimekosea mlaumu yeye. Uso umepona, mvua imenyesha siku tatu, na Jumapili nilisoma Neno. Mama Nailantei anauliza shavu lako la kushoto linaendeleaje. Usilipake kitu.

Barua yako ya pili ya Februari niliisoma nikaifungia kwenye droo. Nilimwambia Mama Nailantei kwamba umenijibu kama mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa. Haikuwa hasira ya uso. Niliingiwa na hofu, na nitakuambia kwa nini.

Nailantei hasemi anapoumia. Alipokuwa na miaka tisa alianguka kwenye mawe ya korongo akavunjika mkono, akachunga mbuzi siku mbili na mkono huo bila kumwambia mtu. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amezoea kunisikia nikiwasifu watu wasiolia. Nimepaka dawa wanyama wa kata nzima na sikuona mkono wa mtoto wangu uliovunjika. Ukimwona akiandika ubaoni utaona haukunyooka sawasawa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sijawahi kumwambia. Basi nilipokaa kwenye kiti chako, ukauliza inachoma, nikasema hapana, nawe ukaamini, nilijiuliza: mtoto huyu akiishi na mtu wa namna hii, nani atajua ameumia?

Ule mstari wako wa mkono kwenye kiti nimemsomea Mama Nailantei mara mbili. Ya tatu alisoma mwenyewe.

Sasa na mimi niseme. Ilichoma, Wasike. Ya kwanza ilichoma, ya pili niliona nyota, ya tatu niliomba kimoyomoyo. Nilipotoka kwako nilienda moja kwa moja kwenye lile bomba, nikamkuta hapo mwanaume mwingine ananawa. Hatukusalimiana.

Njoo Jumamosi tarehe kumi na mbili na baba yako mdogo. Mwambie Nailantei aje pia, kuna maneno ya mkono wake nataka kumwambia mwenyewe, ana kwa ana. Ndevu zangu sijazigusa, utaninyoa hapa nyumbani kwa maji ya baridi.

Jambo la mwisho. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, hamuitani tena kwa majina. Wewe unamwita Pakiteng, naye anakuita Pakiteng, mpaka mmoja wenu azikwe. Ng'ombe wako bado hajafika kwangu, na wazee wenzangu wakijua nimetangulia kujiita hivyo kabla hajafika, watanicheka mwaka mzima. Acha wacheke.

Mimi wako,
Pakiteng