Punda wa Jumapili ya Matawi

10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti linaendeleaje? Mimi mzima, kazi ya Bwana inaendelea. Jumapili ya Matawi nakuja kuhubiri hapo kwenu. Kamati imeamua niingie kanisani nimepanda punda, kama Mfalme wetu. Naomba yule wako wa kubeba maji, aogeshwe vizuri. Mwenyekiti wa kwaya atashika kamba. Wewe pumzika tu nyumbani, siku hiyo kuna wageni wakubwa.

Mwanao, Mchungaji

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma, ila barua yako imeniuma zaidi. Hivi unanionaje? Punda aogeshwe, mwenye punda afichwe! Kamba hiyo hiyo nimeishika ukala, ukavaa, ukasoma, leo mkono wangu unawatia aibu wageni? Na huyo Mfalme unayemwigiza, punda wake alikuwa wa kuazima, na yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kufa. Aliosha watu miguu, hata ya yule msaliti. Wewe umeona matawi tu. Haya, mchukueni. Lakini ana njia zake, usije ukasema sikukuambia.

Baba yako, muuza maji

25 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi nimeaibika. Umemfundisha nini yule mnyama? Kila geti anasimama! Kwaya imerudia wimbo mmoja mara sita. Kwenye geti la bluu ndiyo akagoma kabisa. Wakavuta, wakasukuma, wapi! Wageni wanacheka mpaka machozi. Nikashuka, nikaenda kwa miguu na joho langu. Kama hukutaka, si ungesema?

Mchungaji

27 Machi

Wewe!

Salamu baadaye. Sijamfundisha kitu. Kazi yake ndiyo hiyo, kusimama mlango kwa mlango mpaka dumu lishushwe. Geti la bluu nashusha manne na kuyaingiza ndani mwenyewe, maana mle kuna bibi asiyeinuka kitandani. Ni yule aliyekubeba mgongoni mama yako alipougua, au umeshamsahau? Umesimama mlangoni kwake na joho lako, hukujiuliza hata nani yumo! Alisikia nyimbo nje akadhani mmemjia yeye. Akaomba jirani amvalishe nguo safi. Halafu mkaondoka. Nimemkuta bado amevaa, anatazama mlango. Mfalme unayemhubiri angeingia mle, mwanangu.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Goti je? Nisamehe. Jumamosi ya wiki ijayo nafika asubuhi. Usitoke na punda kabla sijaja. Madumu ya geti la bluu nitayaingiza mimi.

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hasira haijaisha, nisikudanganye, lakini njoo. Joho liache huko, hapa kuna tope. Bibi kila siku ananiuliza kama wale waimbaji watarudi. Utamjibu mwenyewe.

Baba